Pua Haisikii

Jumatatu, 6 Mei

Fundi wangu,

Salamu zako ni nyingi, ila leo nazitanguliza mbio mbio, kwa sababu dereva wa lori kasema kesho hashuki kunywa chai. Atapokea barua dirishani na kupanda zake huko mlimani kwenu. Nami bila lori hilo sina njia, maana kambi yenu haina mtandao na simu yako huku inanijibu kwamba haipatikani, kila siku maneno yaleyale, mpaka nimeanza kumjibu yule dada.

Tu wazima. Mwanao ndiye mzima kuliko sote. Jana kalia kwa sauti tatu tofauti kwa sababu ya kiatu kimoja, na mpaka sasa hatujajua alikuwa anakitaka au anakikataa. Aliyempa jina la Kinanda hakukosea.

Sasa shida. Ile maikrowevu uliyoniletea imegoma. Haijafa, la. Taa inawaka, sahani inazunguka. Lakini nikibonyeza kile kitufe ulichonifundisha, cha kupasha kwa kujipimia yenyewe bila mimi kuhesabu dakika, inaunguruma kidogo, inalia, inazima. Maziwa ya mtoto yako baridi vilevile. Na kwenye kioo inaandika neno. Nimelifuata herufi moja moja, na nikilisoma kwa sauti nasikia sensa. Nakuuliza wewe msomi wa umeme: sensa ya nini? Humu ndani tuko wawili, na mmoja hajui hata kutaja jina lake. Kama wanataka kutuhesabu wapige hodi mlangoni.

Nacheka, lakini nina wasiwasi. Jiko la gesi lipo, ila wewe mwenyewe hukupenda nilitumie mtoto akiwa anazungukazunguka miguuni, na mimi siku hizi silipendi. Juzi uji uliniunguria. Kidogo tu. Jirani yetu wa cherehani akaja mbio akiuliza kama nyumba inaungua. Yule mama ana pua ndefu tangu zamani. Mimi nilikuwa nimekaa hapohapo jikoni nachambua maharage.

Nijibu upesi, na unijibu kwa maneno ya mtu aliyekaa jikoni mwa shule ya bweni maisha yake yote, si kwa maneno ya karakana.

Shangazi yako

*

Alhamisi, 9 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimewasomea wenzangu hapa karakana hilo la sensa, tumecheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kama handaki limeshachimbwa lenyewe.

Hiyo sensa haihesabu watu. Ndani ya mashine kuna kifaa kidogo kinachokaa kinangoja mvuke. Chakula kikianza kufuka, kifaa kinasema basi, kimepata, na mashine inazima kwa wakati wake. Kikikosa mvuke kinachanganyikiwa, na mashine inasimama isije ikaunguza. Mara nyingi ni uchafu tu. Chungulia ndani, ukutani, utaona vitundu vidogo. Vikizibwa na mafuta, mvuke haupiti. Chomoa plagi, futa vitundu kwa kitambaa chenye maji vuguvugu, acha mlango wazi pakauke. Chakula kifunikwe, lakini kifuniko kiwe na upenyo. Usifungue mlango katikati. Halafu jaribu na kikombe cha maji matupu: yakichemka na mashine ikasimama yenyewe, tumepona.

Jambo moja nalikazia. Yule fundi redio wa kwenye kona asiiguse na bisibisi yake. Ndani mna kitu kinachotunza umeme hata baada ya kuchomoa, na umeme ule unaua. Mtoto ni mmoja na shangazi ni mmoja.

Naitwa, jenereta imezima.

Nimerudi, ni jioni, na karatasi imepata oili, samahani. Nilikuwa wapi? Pua. Shangazi, hapa nataka ukweli, usinifiche kwa kuogopa kunisumbua. Pua inasikia au haisikii kabisa? Ilianza ghafla, au ilififia taratibu? Kuna dawa yoyote umeitia? Maana pua ikishakufa haitibiki, inabaki kutafuta mbadala tu. Na mtoto wangu sitaki apashiwe chochote na pua isiyosikia, hata maziwa. Ataungua ulimi, au itokee mabaya zaidi. Nimelifikiria hilo siku nzima nikiwa juu ya ngazi, na kama ni lazima mbadala upatikane, nitautafuta mwezi huuhuu.

Mbusu Kinanda. Mwambie mama anakuja.

Fundi

*

Jumatatu, 13 Mei

Mwanangu,

Ukurasa wa kwanza wa barua yako niliusoma nikicheka. Wa pili niliusoma, nikaukunja, nikauweka chini ya mto, nikautoa tena. Sijui umejuaje kabla sijakwambia. Sitauliza. Lisemwalo lipo, na umeniomba nisikufiche.

Haisikii. Hiyo ndiyo kweli. Na haikufa ghafla, ilianza kwa kubagua: kitunguu ndiyo, maziwa hapana. Baadaye hata kitunguu hapana. Sasa ni kimya kabisa. Umeuliza dawa. Nimejaribu mvuke, nimejaribu maji ya chumvi vuguvugu, tone kwa tone, asubuhi na jioni, bila kuruka. Hakuna badiliko, inawasha tu.

Lakini hilo neno mbadala, nakuomba ulirudishe ulikolitoa. Kitu kikishindwa jambo moja hakijashindwa yote. Kazi nyingine zote zinakwenda kama zamani. Mtoto anakula, analala, ananenepa, mashavu yake ukiyaona utayauma. Amezoea hapa. Ukileta mbadala, huo mbadala wako utajua Kinanda analia sauti ipi akiwa na njaa, na ipi akiwa anadeka? Mpe aliyeharibikiwa muda kidogo. Mambo mengine hurudi yenyewe.

Najua huyu mtoto ana bibi mwingine, mama yake baba yake, na najua amekuwa akimtaka tangu siku ya arobaini. Sisemi kitu. Nasema tu kwamba wewe nilikulea kwa mikono hii hii, na hukuungua hata kidole.

Vile vitundu vya mashine sijavigusa bado. Nitavifuta kesho. Moyo haukuwa hapo.

Shangazi yako

*

Alhamisi, 16 Mei

Shangazi,

Maji ya chumvi? Shangazi yangu, nani kakufundisha kutia maji ya chumvi kwenye kitu cha umeme? Barua nimeisoma nimekaa juu ya ndoo ya kebo, na nusura nianguke nayo.

Tafadhali, kabla hujamaliza ukurasa huu, nenda ukachomoe plagi. Nangoja.

Vizuri. Sasa sikiliza. Chumvi na umeme ni mtu na mke mwenza wake, haviwezi kukaa chumba kimoja. Hiyo maikrowevu isiwashwe tena, hata kwa kuonja. Na unaposema inawasha tu, inawasha nini? Inajiwasha yenyewe? Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kama inajiwasha, basi chumvi imeshaingia kwenye nyaya. Pua yenyewe nitaing'oa nikija mwisho wa mwezi ujao, nitaweka mpya, kazi ya muda mfupi tu. Ni kakitu kadogo kama punje ya dengu, wala usikasikitikie.

Umeshangaa nimejuaje kwamba ni pua. Ndiyo kazi yangu hiyo. Sensa, kihisi, sisi mafundi tunaiita pua ya mashine, na nimezoea hata nikasahau kukwambia. Na wewe unavyoitetea maikrowevu, utadhani ni mtu wa ukoo. Wenzangu wanasema wakizeeka wanataka shangazi wa kuwatetea hivyo.

Mpaka nije, pasha kwenye gesi. Najua nilikukataza, sasa nakuruhusu mwenyewe. Weka kiti mlangoni Kinanda asipite jikoni. Gesi naiamini kuliko umeme uliotiwa chumvi.

Na la yule bibi mwingine, nani kalitaja? Silo tulilokuwa tunaongea. Mtoto yuko kwako.

Fundi

*

Jumatatu, 20 Mei

Fundi,

Nimekuelewa sasa. Niliisoma barua nimesimama, nikakaa, nikasimama tena. Kumbe pua ni ya mashine. Nyie mafundi mna kazi gani ya kuvipa vitu visivyo na kamasi majina ya viungo vya watu? Mimi nilikuwa nimekwenda mbali kabisa, lakini hilo tuliache, halina maana tena.

Basi ni hivyo ulivyosema. Nilitia chumvi. Ni ujinga wa uzee, nisamehe. Nimechomoa, nimeigeuza uso ukutani na kuifunika kitambaa, Kinanda kila akipita anaiambia "lala".

Gesi tunatumia kama ulivyoagiza. Nasimama mbele ya sufuria naiangalia, sibanduki. Naangalia mpaka macho yanatoa machozi. Mwanamke wa cherehani kaniambia maziwa hayachemki ukiyatazama hivyo. Nimemwambia ayatazame ya kwake.

Usiwe na wasiwasi. Nakwambia usiwe na wasiwasi.

Shangazi yako

*

Jumatano, 22 Mei

Kwako Mama Kinanda,

Hujawahi kupata barua yangu, kwa hiyo nianze na lililo muhimu: mtoto wako mzima. Yuko hapa chini ya meza yangu ya cherehani anacheza na vipande vya vitambaa. Shangazi yako naye yuko hai. Sasa soma polepole.

Jana mchana ulikuwa upepo, tumefunga madirisha mtaa mzima kwa ajili ya vumbi. Lori lilikuwa limeshapita asubuhi, ndiyo maana barua hii italala hapa wiki nzima kabla ya kukufikia, na mimi nitalala nayo. Nilikwenda kwenu kurudisha mkasi. Nilipofika kizingitini tu gesi ikanipiga puani. Si kidogo. Nzito, ya kukaba koo.

Shangazi yako alikuwa jikoni. Maziwa yalikuwa yamefurika yakazima moto, na koki ya jiko ilikuwa imeachwa wazi. Alikuwa ametoka kumgeuza mtoto aliyelala chumbani, na aliporudi akakuta moto umezimika. Mama Kinanda, nilimkuta ameshika kiberiti. Sanduku mkono huu, njiti mkono huu. Nilimrukia. Sijawahi kumshika mtu mzima namna ile, na hasa yule, ambaye namwamkia kila asubuhi. Alidhani nimepandwa na wazimu. Aliniambia, "Wewe una nini, nawasha jiko." Nikamwambia, "Dada, nyumba imejaa gesi." Akaniangalia. Akaniuliza, "Gesi gani?"

Nilifunga mtungi, nikambeba mtoto, tukafungua madirisha yote. Mtoto alikuwa kalegea kwa usingizi, nikampiga mgongoni mpaka akalia, na akilia yule unashukuru Mungu. Tulimpeleka zahanati pamoja na shangazi yako. Mtoto hana kitu. Shangazi yako alitapika na kichwa kinamuuma.

Hasikii harufu, dada. Hata kidogo. Nilimwekea kitunguu kilichokatwa chini ya pua, amefumba macho, akaniuliza kama nimeshakileta. Nilidhani unajua. Siku ule uji ulipoungua, moshi ulikuwa umefika mpaka kwangu naye amekaa pembeni ya sufuria ameupa mgongo. Nilimwambia akueleze, akaniambia ameshakueleza. Mficha maradhi kifo humuumbua, ila safari hii kifo kilitaka kuumbua wawili.

Sikuandiki ili kumchongea. Hajala tangu jana. Amekaa ngazini nje, na kila nikimpa mtoto anasema nimshike mimi.

Jirani yako, wa cherehani

*

Alhamisi, 23 Mei

Shangazi kipenzi,

Habari njema leo. Fundi mwenzangu aliyeshuka mjini kanipatia pua ya maikrowevu, mpya, iko mfukoni mwangu ndani ya pamba. Kila nikiinama naishika nione kama ipo.

Nimefurahi barua yako ya safari hii ilikuwa na vichekesho. Zile mbili za nyuma zilikuwa zimenikaa vibaya, nilihisi kuna kitu unanizunguka. Huku kazini mtu akiwa na mawazo si salama, juzi nilifunga kebo isiyo yenyewe, ikabidi mwenzangu anigutushe. Sasa moyo umetulia.

Unajua, nikiwa ndani ya handaki, kelele zote zile, huwa nafikiria wewe jikoni mwa shule. Ulikuwa unapita tu mlangoni unasema, "Sufuria ya tatu inataka kushika chini, toeni kuni." Hujafunua kifuniko. Wapishi walikuwa wanakuogopa kwa hiyo pua. Basi nawaambia wenzangu hapa, mashine ikikosa pua si hoja, nyumba ile ina ya Shangazi. Ndiyo maana naweza kulala. Wanawake wengine hapa kambini wenye watoto wadogo hawalali.

Mbusu Kinanda kwenye utosi kwa niaba yangu, pale panaponukia maziwa.

Fundi

*

Jumatatu, 27 Mei

Mwanangu,

Barua hii inapanda lori moja na ya jirani. Soma ya kwake kwanza kama hujaisoma. Yeye kasema kweli kwa ufupi, na mimi sina la kupunguza.

Nitakwambia ilivyokuwa, halafu nitakwambia nililoamua.

Yalikuwa mafua, yale ya miezi ya baridi. Yalipoondoka yakaanza kuondoka na pua, kidogo kidogo. Nilingoja irudi. Uliponiuliza kwenye ukurasa ule wa pili, inasikia au haisikii, nilijua mtu kakueleza habari zangu. Nilisoma "mbadala" nikajua ndio mimi natafutiwa mwingine. Kwa hiyo nilikujibu kweli tupu, ya pua yangu. Chumvi ile nilikuwa naitia puani mwangu. Na kuwasha, ni pua inawasha, inanikera, hakuna mashine iliyojiwasha popote. Mashine haikuguswa na chumvi hata punje. Tena ile siku baada ya kukuandikia nilivifuta vile vitundu, nikaweka kikombe cha maji, yakachemka, ikasimama yenyewe. Ilikuwa imepona.

Halafu ikaja barua yako ya kunicheka. Nikaona kumbe hujui kitu. Nakuapia, nilifurahi. Nilimbeba mtoto tukacheza humu ndani. Lakini ili usijue, ilibidi nikubali kwamba niliitia chumvi mashine. Na nikishakubali hilo, ilibidi mashine izimwe kama ulivyoagiza. Nikaichomoa nzima, haina ugonjwa, nikarudi kwenye gesi. Nilifanya hivyo nikiwa najua. Nilijiambia nitaangalia kwa macho. Na niliangalia, mwanangu, siku zote zile, isipokuwa mara moja Kinanda aliponikoholea chumbani.

Daktari kasema inaweza kurudi, inaweza isirudi.

Barua yako ya Alhamisi nilipewa Ijumaa, jirani alikuwa ameketi karibu yangu. Akaniuliza umesema nini. Nikamwambia umenisalimu. Ulisema unalala kwa sababu ya pua yangu. Sitaki ulale kwa sababu ya kitu ambacho hakipo.

Nililoamua ni hili. Mchukue. Mpeleke kwa bibi yake wa upande wa pili. Ni mtu mzuri, sijawahi kusema vinginevyo ila kwa wivu. Nilificha kwa sababu niliogopa utamchukua, na sasa nakuomba mwenyewe umchukue, ili usije ukadhani nilikuwa nakungoja uninyang'anye. Nguo zake nimefua. Tangu siku ile analala kwa jirani. Mimi namuona mchana, nje, mlango ukiwa wazi.

Uliniagiza nimbusu utosini panaponukia maziwa. Nilimbusu. Nilivuta pumzi mpaka kifua kikauma, sikusikia kitu. Ni miezi sasa namnusa mtoto huyu kila jioni na sisikii kitu. Hilo sikumwambia hata daktari.

Shangazi yako

*

Ijumaa, 31 Mei

Shangazi,

Naandika ndani ya lori, kwa hiyo mwandiko utausamehe. Dereva anasema kama ningempa yeye kalamu angeandika vizuri zaidi huku akiendesha.

Barua zenu zilinikuta Jumanne kwenye mlango wa handaki. Sikumaliza zamu. Kwanza nilikukasirikia, nikwambie wazi. Nilikukasirikia kiasi kwamba niliandika barua nyingine, ya maneno mawili matatu, ya kusema nakuja kumchukua mwanangu na usiniandalie chochote. Nilikwenda mpaka kwa dereva nayo. Lori lilikuwa halishuki kabla ya leo. Ningekuwa na simu ningekupigia, na ningesema yote, na yangekaa masikioni mwako maisha.

Kwa hiyo nilikaa nayo. Nikasoma barua zetu zote upya, zangu na zako, toka ile ya sensa. Na nikaona kitu ambacho wewe hukukiandika, sijui ni kwa huruma au hukukiona. Wewe hukurudi kwenye gesi. Mimi ndiye niliyekurudisha. Niliandika kwa mkono wangu gesi naiamini. Uliniandikia pua inabagua, kitunguu ndiyo, maziwa hapana, na mimi ninayejiita fundi sikujiuliza maikrowevu gani inajua kitunguu. Uliniandikia kuhusu bibi mwingine, nikashangaa umemtaja wa nini, nikapita. Nilikuwa nasikiliza mashine.

Bado naogopa. Nikifumba macho naiona njiti ile. Sitakudanganya kwamba imekwisha, na wewe usinidanganye tena, hata kwa kitu kidogo, hata kama ni uji. Hilo ndilo sharti langu, na halina mjadala.

Kwa bibi yake simpeleki. Nimekuja na jiko la umeme la sahani, linalojizima lenyewe, liko nyuma ya lori limefungwa na gunia. Mtungi wa gesi unaondoka leo na lori hili hili. Mtoto ataendelea kulala kwa jirani mpaka nihakikishe kila kitu ndani ya nyumba, nimeshamwandikia yeye peke yake kumuomba, na nikiona hapatoshi nitaacha kambi, kazi za umeme hazijaisha duniani. Jumatatu tunakwenda wote kwa daktari wa pua, wa mjini, siyo wa zahanati. Ikirudi, irudi. Isiporudi, utaniuliza, utamuuliza jirani, utamuuliza mtu yeyote anayepita, "Hiki kinanuka?" na hutaona aibu.

Barua hii nimemwambia dereva akupe yeye, mlangoni, mimi nikiwa nimebaki kwenye lori. Kuna maneno siwezi kuyasema nikikuangalia, na nilitaka uyasome umekaa. Kama umenikasirikia kwa nilivyokucheka na kukuagiza yale, mwambie tu dereva, ataniambia, nitangoja kwa jirani mpaka utulie.

Sijaja kumchukua Kinanda, Shangazi. Nimekuja kuchukua jiko.

Tumefika. Niko hapa nje, upande wa kushoto wa lori, kioo nimekishusha. Namsikia analia kwa jirani, na mimi sijui hiyo ni sauti ipi. Toka uniambie.

Mwanao